Kati ya Safari na Desturi: Majuma Matatu ya Mkazi wa Mbuya

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili vilivyopigwa chapa kuna viwili ambavyo mpaka leo vinaamua, bila wengi kutambua, ni mambo gani ya mtu yanastahili kuandikwa na yapi yaachwe yapite. Cha kwanza ni *Safari za Wasuaheli*, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1901 na Carl Velten, na ambacho ndani yake Waswahili wenyewe, akina Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia na Sleman bin Mwenye Chande aliyeingia bara, wanasimulia waliyoyaona njiani. Cha pili ni *Desturi za Wasuaheli* cha mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na ambacho kinaeleza jinsi mtoto anavyozaliwa, anavyolelewa, anavyooa na anavyozikwa. Safari husimulia jambo lililotokea mara moja, mbali na nyumbani, kwa mtu mwenye jina. Desturi hueleza jambo linalotokea siku zote, hapahapa nyumbani, kwa mtu asiye na jina wala tarehe.

Katikati ya hivyo viwili kuna eneo kubwa ambalo halikupata kitabu chake, nalo ni yale yaliyompata mtu mmoja Jumanne iliyopita ilhali hakwenda popote. Uganda nayo haikutofautiana sana na pwani katika hili, kwa kuwa Ham Mukasa, aliyefuatana na Apolo Kaggwa, Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, kwenda Uingereza mwaka 1902 kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, aliandika kwa Kiganda habari ndefu za ziara hiyo, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1904. Mtu huyohuyo angeweza kuandika kwa makini yaleyale habari za majuma matatu aliyokaa kwake bila kusafiri, lakini hata rafiki yake mkubwa angemuuliza kulikoni, maana inadhaniwa kwamba kalamu huhitaji bahari ya kuvuka.

Lugha yenyewe haikubaliani na dhana hiyo. Msemo wa "kisa na mkasa", ambao hutamkwa kila siku na kila anayetaka kujua kulitokea nini, umebeba maneno mawili yenye kazi mbalimbali: mkasa ni jambo lililomfika mtu bila kulitazamia, na kisa ni habari ya jambo hilo, lakini kisa pia ni sababu yake, kama isemwavyo kwamba kisa cha majirani kununiana ni ukuta. Kwa hiyo anayesimulia kisa, hata kiwe kidogo kiasi gani, amekwisha kuahidi kutoa sababu, na sababu haiwezi kutolewa bila kueleza nani anamtegemea nani, kwa makubaliano gani, na kwa bei gani. Katika makala haya, kisa kidogo ni jambo linaloukata mpango wa siku, likatatuliwa kabla ya juma kwisha, na kumwacha aliyepatwa nalo na maisha yaleyale aliyokuwa nayo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba visa vya aina hiyo hueleza mahali kuliko mambo makubwa yanavyopaeleza, kwa kuwa bomba linalotoa maji halimwambii mtu chochote, na ni siku linapokauka ndipo hujulikana nani ana tangi, nani ana funguo za tangi, na nani hasalimiani na nani.

Mbuya, kilima kilichoko Tarafa ya Nakawa mashariki mwa Kampala, kinafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, kwa sababu ni mahali panapojulikana kwa mambo makubwa tu. Kwa msomaji wa magazeti, Mbuya ni Wizara ya Ulinzi na makao makuu ya jeshi, na jina lake huonekana katika habari za uteuzi, uhamisho na taarifa rasmi. Kwa Wakatoliki ni parokia ya Mama Yetu wa Afrika, ambako mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa Reach Out Mbuya wa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Lakini kilima ni kilima: juu kuna nyumba zenye kuta ndefu, malango ya chuma na mandhari ya ziwa upande wa Port Bell; na kadiri barabara inavyoshuka kuelekea Kinawataka, kuta hupungua, milango huongezeka, na mwisho kabisa kuna bonde la kinamasi linalopeleka maji yake kwenye Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Watu wa juu na wa chini hununua nyanya zilezile za soko la Nakawa, ingawa si wote wanaozibeba wenyewe.

Mkazi atakayefuatwa hapa ni wa mfano. Hana jina kwa sababu si mtu mmoja, bali ameundwa kwa mambo ambayo yeyote aliyewahi kupanga kwenye mteremko huo angeyatambua. Achukuliwe kuwa ni mwanamke wa makamo anayefanya kazi katika duka la fotokopi karibu na Chuo cha Biashara cha Makerere pale Nakawa, kazi ya kuchapa na kujalidi ripoti za wanafunzi ambao wote, bila kukosa hata mmoja, huja siku ya mwisho. Anaishi katika chumba kimoja kati ya vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja chini ya paa moja, vyumba ambavyo Kampala huviita mizigo, kimoja kikiwa muzigo. Na Mswahili anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hudhani mpangaji analalamika, kumbe anataja anwani yake.

Kisa cha juma la kwanza kinahusu Yaka, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Jina hilo ni kitenzi cha Kiganda ambacho hakihitaji mkalimani, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa "waka" ya Kiswahili. Anayenunua umeme hutuma fedha kwa simu, akapokea namba ya tarakimu 20, akaibonyeza kitufe kimoja baada ya kingine mpaka mita ikubali. Katika mstari wa vyumba sita mita ni moja, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Wapangaji huchanga sawa, ingawa mmoja ana jokofu, mwingine ana pasi, na wa tatu ana taa moja na redio. Usiku wa kisa hiki umeme unakwisha saa tatu, zamu ya kununua ni ya mwanamke wa fotokopi, fedha zinatoka kwenye simu yake, na ujumbe wenye tarakimu 20 hauji. Kijana wa jokofu anatoka nje na kuanza kutembea uani bila kusema neno, jambo ambalo ni usemi tosha. Jirani wa taa moja, ambaye hana haraka yoyote, analeta mshumaa na jiko la makaa, na chai inachemka hapo nje. Ujumbe unafika saa tano kasoro, watu wameshazoea giza, na namba inabonyezwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sita ilisomwa kuwa nane.

Tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme nchini Uganda ulitoka mikononi mwa kampuni ya Umeme, iliyokuwa na mkataba wa miaka 20 tangu mwaka 2005, ukarudi kwa shirika la serikali la UEDCL. Nalo lilikuwa jambo kubwa lililojaza kurasa za magazeti kwa majuma mengi. Pamoja na hayo, aliyesimama mbele ya mita usiku aliendelea kubonyeza tarakimu zilezile 20, na swali la kwa nini mwenye redio amlipie mwenye jokofu lilibaki bila hakimu. Mkataba wa vyumba sita haukuandikwa popote. Ni mkataba hata hivyo, una vifungu na adhabu, na mwanazuoni atakayeutafuta katika nyaraka za serikali hatauona; utaonekana tu na mtu aliyejisumbua kuandika kwamba usiku fulani chai ilichemshwa nje.

Juma la pili ni la mvua. Kampala hupata misimu miwili mikubwa ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba, na katika misimu hiyo bonde la Kinawataka hupokea maji ya vilima kadhaa kwa pamoja, kinamasi kilichokuwa kikiyanywa polepole kikiwa kimeliwa na majengo. Mkazi wa mfano anatoka kazini saa kumi na mbili jioni, akiwa amepanda bodaboda kutoka steji ya Nakawa. Asili ya jina hilo ni mpaka wa Uganda na Kenya kule Busia, ambako katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili; leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli na jina limesafiri dunia nzima, ila mpaka unaovukwa jioni hii ni ule wa lami na udongo. Matone ya kwanza yanapoanguka, mwendesha pikipiki haulizi, anaingia chini ya baraza la duka lililo wazi, anazima injini, anatoa mfuko wa plastiki mfukoni, mfuko ambao kila mtu Uganda huuita kaveera, anaifunga simu yake ndani yake kwa mafundo mawili, na baada ya hapo tu ndipo anapojifuta uso.

Baraza hilo linahitaji kutazamwa kwa karibu. Chini ya mabati yenye upana wa hatua tatu wamesimama watu kumi na mmoja, pikipiki nne, mbuzi mmoja aliyefungwa kamba, na mwuza ndizi aliyeingiza beseni lake katikati ili lisilowe. Mvua ya Kampala ikipiga bati, mazungumzo hayawezekani isipokuwa kwa kupaza sauti, kwa hiyo kila asemalo mmoja ni la wote: mmoja anamweleza mkewe kwa simu kwamba yuko karibu kufika, na wote kumi wanaosikia wanajua hayuko karibu. Askari aliyevaa koti la mvua anasogea kumpisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mwenye duka, ambaye kwa siku ya kawaida angemtaka kila anayesimama hapo anunue kitu, hasemi chochote, kwa kuwa sheria ya baraza wakati wa mvua ni nyingine, na hakuna aliyeitunga. Baada ya dakika arobaini maji ya mtaro yanapanda hadi kwenye ngazi ya kwanza, mbuzi anainuliwa juu ya gunia la makaa, na mwuza ndizi anaanza kupunguza bei.

Kwa abiria, kisa kinaishia hapo na kinapendeza kusimuliwa. Kwa mwendesha pikipiki hakipendezi hata kidogo, kwa sababu saa ya jioni ndiyo saa ya abiria wengi, na mvua inapokatika gurudumu lake la nyuma linakutwa na pancha. Hapa ndipo palipo na kasoro ya maandishi yote ya visa vidogo, na haifai kuifunika: udogo wa kisa haupimwi kwa kisa chenyewe bali kwa mfuko wa aliyepatwa nacho. Pancha ileile ambayo mmoja ataichekea kesho, mwingine ataitoa kwenye ugali wa usiku huohuo, hasa akiwa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine ambayo hesabu yake ya siku haijui mvua wala jua. Waandishi wa safu za kuchekesha, ambao magazeti ya Afrika Mashariki hayajawahi kuwakosa, hupenda kumfanya mwendesha bodaboda kuwa kichekesho cha abiria. Ni nadra kuona kisa hichohicho kikiandikwa kutoka kwenye kiti cha mbele.

Juma la tatu linaleta jambo la lugha. Kiswahili kimeishi Uganda kwa bahati mbaya ya kuwa na marafiki wenye bunduki. Gavana William Gowers alipotaka kukieneza mwishoni mwa miaka ya 1920, Daudi Chwa, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alikipinga kwa maandishi, akihofia kwamba kingeifuta lugha na heshima ya Buganda. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tarehe hizo zinafahamika. Kisichoandikwa sana ni maneno yaliyobaki masikioni mwa watu: "magendo" ya biashara ya kificho enzi za Amin, "mayumba kumi" ya ubalozi wa nyumba kumi ulioingia baada ya vita vya 1979 vilivyomwondoa Amin, na "panda gari" ya misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo raia walipakizwa kwenye malori kwenda kuchunguzwa. Kwa mtu aliyekua akiyasikia maneno hayo, Kiswahili ni lugha inayomwambia afanye jambo upesi.

Mwanamke wa fotokopi, ambaye ameanza kujifunza lugha hiyo kwa kusoma ripoti za wanafunzi wanaoifanyia utafiti, anasimama asubuhi ya Jumamosi mbele ya kibanda cha rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaangwa pamoja na kabichi na nyanya, chakula ambacho jina lake halina uhusiano wowote na saa za mkononi. Anasema, kwa sentensi aliyoipanga tangu nyumbani: "Kaka, naomba unitengenezee moja, tafadhali, usiweke kitunguu." Mpishi, kijana ambaye wateja wake wa asubuhi ni wanajeshi, anashika mwiko hewani na kumtazama. Kiswahili anakijua, tena vizuri, lakini anachokijua ni "leta mbili", "ongeza chumvi" na "fanya haraka, kijana"; kuombwa kwa lugha hiyo hakujawahi kumtokea. Anacheka, anamwita mwenzake aje asikie, anamtaka mteja arudie, kisha anajibu kwa Kiganda, "Kale, nnyabo," ambayo ni sawa na kusema haya, mama. Afande aliyekuwa nyuma kwenye foleni anaingilia kwa Kiswahili cha kambini na kumwambia kijana kwamba huyo mama anazungumza cha Tanzania. Kwa hukumu hiyo fupi ya kibandani, ambayo haina msingi wowote wa kijiografia, hujulikana jambo ambalo hakuna waraka wa mtaala utakaolisema waziwazi: kwamba kinachokosekana Mbuya si msamiati wa Kiswahili bali adabu yake, na adabu hufundishwa na wanaouza na kununua chapati kwa lugha hiyo.

Ajabu ni kwamba Kiganda chenyewe kimekopa kutoka Kiswahili maneno ya kila saa ya siku, na hilo si usemi tu, kwa kuwa "essaawa" ni saa, na hesabu yake huanza alfajiri vilevile kama ya Waswahili, hivyo kwamba saa mbili ya Mbuya na saa mbili ya Mombasa ni asubuhi ileile. "Dduuka", "ekitabo" na "ssukaali" havihitaji maelezo. Watu waliokataa lugha waliyadumisha maneno yake jikoni na dukani, mahali ambapo amri haikuingia.

Jioni ya Jumamosi hiyohiyo, babu wa chumba cha mwisho anafariki. Daftari la michango linapita mlango hadi mlango kwa ajili ya mabugo, rambirambi ambazo hapo zamani zilitolewa kwa vitambaa vya magome ya mti wa mutuba, vitambaa vya kumvika marehemu, na ambazo leo hutolewa zaidi kwa fedha, nyingine zikitumwa kwa simu ileile inayonunua umeme. Kijana wa jokofu anatoa nyingi kuliko wote. Kifo si kisa kidogo kwa kipimo chochote, na makala yanayodai kuheshimu mambo madogo hayana ruhusa ya kukipunguza. Kilicho kidogo hapa ni mpangilio wa majina kwenye daftari, ambapo mwenye redio na mwenye jokofu wamefuatana mstari kwa mstari, na hakuna aliyekumbuka tena hesabu ya mita.

Mambo kama haya yaliwahi kutafutwa kwa makusudi mahali pengine. Mwaka 1937 nchini Uingereza Tom Harrisson, Charles Madge na Humphrey Jennings walianzisha shughuli iliyoitwa Mass Observation, ambayo iliwaomba watu wa kawaida waandike kila walichofanya katika siku moja iliyopangwa, na baadaye, vita vilipoanza, waandike shajara, yaani kumbukumbu za kila siku. Makaratasi hayo sasa ni hazina ya wanahistoria, kwa sababu yanaeleza foleni za chakula siku ambayo magazeti yalieleza mapigano. Afrika Mashariki haikosi waandishi wala visa. Visa huandikwa kila jioni, kwa picha na maneno machache, kwenye hali ya WhatsApp, na baada ya saa 24 hufutika vyenyewe. Kizazi kinachoandika kuliko vyote vilivyotangulia kimechagua daftari linalojichana.

Daftari lisilojichana hupatikana katika duka lolote la Kitintale, mtaa wa jirani, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mkazi wa mfano, akilinunua, hatakuwa na la kusimulia kuhusu Siberia. Ataandika kwamba Jumapili maji yalikatika saa moja asubuhi, kwamba alichota madumu mawili ya lita 20 kwenye tangi la nyumba yenye geti la kijani, kwamba mlinzi wa geti alimsalimia kwa Kiswahili naye akamjibu, na kwamba dumu moja liko bado kwa wafiwa, wanalitumia.